Mkwe Yuko Maporomokoni

Hapo zamani palikuwa na kijiji kiitwacho Ighembeni, kimejibanza chini ya msitu kama kifaranga chini ya bawa. Msitu uliwapa watu wake kila kitu: kuni, uyoga, asali, dawa ya tumbo, na maji baridi yaliyoshuka kutoka maporomokoni. Na kila mwaka masika yakiisha uliwapa pia wageni. Watu wa bondeni, joto likiwachosha, walipanda kupunga hewa. Walikuja na vikapu na nyimbo, wakaingia msituni, wakalala siku mbili tatu karibu na maporomoko, wakarudi kwao na mafua na furaha.

Njia ya kuingia msituni ilikuwa moja, na mwanzoni mwa njia ilisimama nyumba moja. Wenyewe waliiita nyumba ya lango. Kwenye nguzo ya kibaraza chake ilitundikwa pembe ya tandala, ndefu, imejisokota kama shingo ya mtu anayechungulia ya jirani. Mwenye pembe ile ndiye aliyekuwa na neno la mlima. Mgeni akipita, humwambia: leo mto umejaa, leo pitia kushoto, leo usiende kabisa. Hatari ikizidi hupuliza, na kila aliye msituni akisikia hushuka.

Pembe ilikuwa ya Mavura. Mavura akaumwa kifua, akafa, akamwacha mkewe Nakijwa.

Sasa huyu Nakijwa, siku Mungu alipogawa midomo, alipanga foleni, akapewa wake, akazunguka nyuma akapanga tena. Alijua nani kamnunia nani. Alijua nani anasema anakwenda kuchunga naye hana hata mbuzi. Ukimwambia jambo asubuhi kisimani, jioni ulilisikia likirudi nyumbani kwako limenenepa, limevaa nguo mpya, hata wewe mwenyewe hulitambui.

Wazee wakakaa. Mzee Mgonja, ambaye hukohoa mara tatu kabla ya kusema ili neno lake lionekane zito, akakohoa mara tatu, akasema:

"Pembe si chombo cha umbea. Nakijwa hatumpi, wala hatumnyimi. Ibaki hapo ilipo, asiipulize mtu. Siku mlima utakapotaka kumla mgeni, yule atakayemtoa mgeni huyo akiwa mzima, ndiye mwenye pembe. Na nyumba ya lango ni yake."

"Na mimi je?" akauliza Nakijwa.

"Ikiwa siye wewe, utakwenda kukaa na wifi yako bondeni."

Wifi yake huyo alikuwa mtu wa kusikia hodi, akafunika chungu kwanza, ndipo akafungua mlango. Nakijwa ameolewa katika nyumba ya lango akiwa binti, amezaa humo, amemzika mume nyuma yake, penye migomba. Akazeekee kwenye nyumba ya chungu kilichofunikwa?

Basi kila asubuhi alifagia chini ya ile pembe, akaifuta vumbi kwa ncha ya nguo yake, akaisalimu. "Umeamkaje, mume wangu?" Pembe haikujibu. Mavura naye alikuwa hivyo hivyo.

Hakuwa peke yake kuitazama. Palikuwa na Mrutu, mdogo wake marehemu, mrina asali. Mrutu alikuwa na watoto saba katika kibanda ambamo mvua iliingia bila hodi, na kila akipita langoni alisema, "Shemeji, nyumba hii ni ya damu ya kaka yangu," naye Nakijwa humjibu, "Kweli shemeji, na damu ikitulia mwilini huwa haina kelele." Na palikuwa na Kajiru, mume wa Namkunda, binti pekee wa Nakijwa. Kajiru yeye hakutaka pembe. Alichotaka Kajiru duniani ni kimoja: asikutane na mama mkwe wake njiani.

Msimcheke. Ndiyo mila yao. Ighembeni, mwanamume akimwona mama wa mkewe njiani, hasimami naye uso kwa uso. Hukohoa toka mbali, ajulikane kwamba anakuja. Hutoka njiani. Huinamisha macho. Hampi kisogo, maana hiyo ni dharau. Hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mama apite. Hakimbii, maana anayekimbia ana jambo. Wala hapiti karibu naye na nyama mkononi.

Na mlimani kulikuwa na mnyama ambaye ukikutana naye, ukamfanyia hayo hayo yote, unarudi nyumbani ukala ugali. Yule mwenye madoa. Jina lake msituni halikutajwa. Walisema jina ni mluzi, ukilipiga mwenyewe anaitika. Basi wazee wa kale, ili mtoto asitajiwe jina na hapo hapo akumbuke adabu, wakamwita Mkwe. Neno moja tu, na ndani yake mna onyo lote. Werevu, sivyo?

Ulikuwa werevu mpaka siku hiyo.

Asubuhi ya siku hiyo Nakijwa alikuwa anakoroga uji, akasikia mtu anapasua mbao msituni. Krr-haa. Krr-haa. Krr-haa.

"Nani huyo anapasua mbao watu hawajanywa uji?" akasema, maana ilikuwa habari, na habari haiachwi ipoe. Akatega sikio. Msumeno hauvuti pumzi. Huu ulikuwa unavuta.

Akaacha uji. Akapanda mpaka karibu na kijito kinachotoka maporomokoni, akainama kwenye tope. Palikuwa na nyayo za mnyama mzima, pana kama kiganja cha mwanamke mlimaji, zimekwenda na kurudi, na zote zilielekea kwenye mwamba wenye pango, pale maji yanapoanguka. Juu ya mwamba, kelele za maji zilipopungua kidogo, akasikia vilio viwili vyembamba, kimoja kikimkatiza mwenzake.

Nakijwa akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho chini, akikohoa. Alipofika chini ya kilima, ndipo miguu ikapata mbio.

"Mkwe yuko maporomokoni!" akaita nyumba kwa nyumba. "Amejifungua! Wawili! Mkwe yuko maporomokoni!"

Kijiji kizima kikaelewa. Waliotaka kwenda kuni wakaahirisha. Waliofungua mbuzi wakawafunga. Mrutu peke yake alisema, "Mdomo wa shemeji yangu huzaa kila wiki," akachukua kienge chake cha moshi na kamba yake, akaenda kwenye mizinga, maana asali ilikuwa imeiva na watoto saba hawali tahadhari. Kajiru hakusikia lolote. Alikuwa ng'ambo ya mlima kwenye msiba, siku ya nne hiyo.

Jua lilipopanda, wakatokea wageni wawili langoni, Mbaruku na mkewe Siwema, watu wa bondeni, wana miezi miwili tangu harusi. Mbaruku alibeba kibuyu cha maji na mkeka. Siwema alibeba kikapu, na juu ya kikapu, limefunikwa jani la mgomba, paja zima la mbuzi.

"Hodi hapa!"

"Karibuni wanangu. Mwatoka wapi na jua hili?"

"Bondeni, mama," akasema Mbaruku. "Tunakwenda maporomokoni kupunga hewa."

Nakijwa akaukaza uso, akasimama kama marehemu alivyokuwa akisimama. Alijua kwamba yuko chini ya pembe. Alijua mgeni akidhurika leo, yeye kesho yuko kwa wifi. Akasema neno la mlima, tena kwa sauti ya mlima:

"Leo hapana. Mkwe yuko maporomokoni."

"Mkwe?" akauliza Siwema.

"Mkwe. Amejifungua."

"Hee! Amejifungua nini?"

"Wawili. Wachanga kabisa."

Siwema akatua kikapu, akapiga kigelegele pale pale. "Pacha! Mume wangu, umesikia? Pacha!"

Nakijwa akashangaa, kisha akatabasamu. Kumbe watu wa bondeni wana utani namna hii! Onyo la mlima unalipigia kigelegele! Akawapenda hapo hapo.

"Na mwenyewe hali yake?" Siwema akauliza.

"Mkali! Tangu ajifungue hataki kumwona mtu."

"Ndivyo inavyokuwa, mama. Dada yangu alipojifungua alimrushia mumewe mwiko. Na chakula, anakula?"

Hapa ndipo Nakijwa alipotakiwa kunyamaza. Lakini utani ukimwingia Nakijwa ni kama kupe sikioni mwa ng'ombe.

"Mboga hagusi," akasema, macho yakimcheka. "Nyama tu. Tena ukimpa mbichi, hangoji uwashe moto."

"Maskini, damu imempungua!" Siwema akamtazama mumewe. Mbaruku akatazama lile paja la mbuzi, akameza mate, akakubali kwa kichwa kama mume wa miezi miwili anavyokubali.

"Mama," akasema Siwema, "sisi hatuwezi kumpita. Tutampelekea hili paja."

Nakijwa akashika mbavu. Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Mpelekeeni wanangu, mpelekeeni! Mkamwambie nimemsalimu! Haya, msikilize sasa. Njia ya kushoto ndiyo yenu. Kulia ni kwa Mkwe."

"Kulia kwa mkwe," wakaitikia wote wawili.

"Na kwenye kona mkohoe."

"Tutakohoa, mama. Huwezi kumwingilia mzazi kimya kimya."

Hilo la mwisho Nakijwa hakulisikia vizuri, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Wageni wakaondoka. Wakafika penye njia panda. Wakashika kulia.

Haukupita muda, Namkunda akaja na ungo wa maharage mabichi, wakakaa mama na binti kumenya. Nakijwa hakuweza hata kungoja haragwe la pili.

"Leo nimepata wageni, mwanangu! Wacheshi hao! Nimewaambia Mkwe kajifungua wawili, mwanamke kapiga kigelegele. Eti, 'anakula?' Eti watampelekea paja la mbuzi!"

Namkunda akaacha kumenya. Yeye huwa anashuka bondeni siku za gulio kuuza maharage, anajua ya huko.

"Mama. Bondeni mkwe ni nani?"

"Mkwe ni mkwe."

"Mama, huko mke wa mwanao ndiye mkwe. Wao hawana yule wa madoa, wala hawana jina lake. Na kwao nyumba iliyozaliwa mtoto haipitwi mikono mitupu." Akamshika mama yake mkono. "Mama, hawakuwa wanatania. Umewatuma wakamwone mzazi."

Namkunda alikuja kusimulia baadaye kwamba tangu azaliwe hajamwona mama yake akinyamaza muda mrefu vile. Ungeweza kumenya maharage matatu.

Nakijwa akainua macho, akaitazama pembe. Asiipulize mtu, ndivyo walivyosema wazee. Akiipuliza, amevunja neno lao, na wifi anafunika chungu. Asipoipuliza, yule binti mwenye kigelegele anafika pangoni na paja la mbuzi.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. Akaitungua pembe, akakunja nguo magotini, akapanda mlima. Maharage yakamwagika kibaraza kizima.

Huko juu, Mrutu alikuwa kwenye matawi ya mti mrefu unaoangalia maporomoko, kienge cha moshi mkono mmoja, mkono wa pili ndani ya mzinga. Moshi ulikuwa ukiwatuliza nyuki. Akatazama chini. Kwenye mwamba, mbele ya pango, akamwona mwenye madoa amejilaza, mkia unacheza. Akatazama njiani, akaona watu wawili wanakuja wakikohoa kwa furaha, mwanamke mbele, paja la mbuzi amelikumbatia kama mtoto.

"Hodi hapa!" Siwema akaita kuelekea pangoni. "Wenyewe mpo? Tumekuja kumwona mzazi!"

Mrutu akafungua kinywa aseme Mkwe. Akawasikia wanavyoita. Akaelewa kwamba neno hilo ndilo linalowaua. Basi Mrutu, aliyezaliwa Ighembeni, ambaye hata ndotoni hajawahi kulitaja, akalitaja.

"Chui!" akapiga kelele. "Enyi watu! Chui! Pangoni mna chui!"

Ili watu wamsikie juu ya kelele za maji aliweka mikono miwili kinywani, na ili aweke mikono miwili aliachia kienge. Moshi ukaenda zake. Nyuki wakarudi. Wakamwingia masikioni, wakamwingia machoni, na Mrutu akaendelea kupiga kelele: "Chui! Au! Chui! Au! Chui!"

Siwema akasikia. Akasimama. Hatua kumi mbele yake, macho mawili ya rangi ya asali yakainuka juu ya mwamba.

Paja la mbuzi likaanguka. Na wale wawili wakafanya jambo ambalo mtu wa Ighembeni hafanyi: wakageuza visogo, wakakimbia.

Mwenye madoa akashuka mwambani.

Wakateremka njia mbio, Mbaruku kaacha kibuyu, Siwema kaacha kiatu, na sasa wote wawili wamelielewa lile neno la lango, wanalipiga kelele: "Mkwe! Mkwe anakuja! Mkwe yuko nyuma!"

Na kwenye kona, akirudi kutoka msibani na mzigo wa kamba begani, nani kama si Kajiru?

Kajiru akasikia: Mkwe anakuja. Na kabla hajaligeuza hilo neno kichwani, akasikia kutoka chini ya kilima sauti ambayo angeitambua hata kaburini: sauti ya mama mkwe wake, inapanda, inahema, inaita, "Wanangu, ngojeni!"

Mkwe juu, mkwe chini. Kajiru hakuwaza. Miaka miwili ya ndoa ilimwazia. Akatupa mzigo, akatoka njiani, akajifunika shuka kichwa chote. Wageni walipompita alinyoosha mikono, akawadaka kila mmoja kifundo cha mkono, akawavuta ubavuni kwake.

"Mnakimbia mbele ya mkwe? Hamna adabu?" akawanong'oneza kwa hasira chini ya shuka. "Simameni! Macho chini. Msimpe kisogo. Kohoeni. Sasa nyuma. Hatua moja. Polepole. Nyingine."

Hawakuwa na pumzi ya kumbishia. Wakasimama. Wakainamisha macho. Wakakohoa. Wakarudi nyuma, hatua moja, hatua ya pili, watu watatu wameshikana, wa katikati hana uso.

Mwenye madoa akafika kwenye kona. Akasimama. Akawatazama. Hakukuwa na cha kukimbiza. Hakukuwa na jicho la kushindana nalo. Mkia ukapiga kushoto, ukapiga kulia.

Hapo ndipo pembe ilipolia. Nakijwa hakuwahi kupuliza pembe maishani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe aliyepewa habari mbaya. Uuuuuu! Mlima wote ukaitika.

Mwenye madoa akageuka. Akapanda taratibu, bila haraka, kama mwenye nyumba aliyekumbuka watoto. Alipofika mwambani akaokota paja la mbuzi, akaingia nalo ndani. Zawadi ya uzazi ilifika, mwisho wa yote.

"Ameshapita?" Kajiru akauliza ndani ya shuka.

"Amepita," Siwema akasema kwa sauti ya uzi.

"Alikasirika?"

"Ndugu yangu," Mbaruku akasema, "yule ni mama wa mkeo?"

Kajiru akafunua jicho moja. Akauona unyayo kwenye tope, hatua nne kutoka kidole chake cha mguu, maji bado yanajaa ndani yake. Akakaa chini. Nakijwa alipofika kwenye kona na pembe mkononi, aliwakuta wageni wazima wanampepea mkwe wake.

Siku ya gulio wazee wakakaa langoni. Pembe ikarudishwa kwenye nguzo yake. Mrutu akaletwa akiwa amevimba, uso wake umekuwa mmoja na shingo. Watoto wake saba walimjua kwa sauti. Mzee Mgonja akakohoa mara tatu.

"Nani aliyewatoa wageni mlimani?"

"Mimi," akasema Nakijwa. "Ni mimi niliyesikia msumeno unaovuta pumzi. Kama si mdomo wangu, nusu ya kijiji hiki ingekuwa msituni siku ile, na akina mama wangekuwa na kuni zao kichwani kwenye ile kona. Na pembe ndiyo iliyomrudisha Mkwe. Pembe ililia, akageuka. Nani aliyepuliza? Nilijua nikiipuliza nitafukuzwa hapa. Nikaipuliza."

"Nawe ndiye uliyewatuma kwa kicheko," akasema Mrutu kupitia midomo minene. "Ulitakiwa uwape onyo, shemeji, ukawapa utani. Mimi, Mrutu, kama si koo langu wangeingia pangoni na paja lao. Hatua kumi, jamani! Nyuki walinila na sikunyamaza. Ndimi niliyewasimamisha. Aliyesimamishwa mlangoni mwa kifo hatafuti tena mwokozi."

"Umewasimamisha, kisha wakakimbia!" Nakijwa akamjibu. "Umelitaja jina msituni, akaitika. Tangu lini Mkwe akashuka mwambani kabla hajaitwa?"

"Kwani ningemwitaje, bibi harusi?"

Watu wakacheka. Mzee Mgonja akakohoa mara moja tu, akamtazama Kajiru, ambaye alikuwa amesimama kando, shuka kichwani, uso ameuelekeza kwenye nguzo, maana mama mkwe wake alikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Na wewe?"

"Nguzo," akasema Kajiru, "nisaidie kumwambia mama kwamba namheshimu. Mimi sikumwona huyo mwenye madoa. Sisemi uongo. Lakini waulizeni wageni ni mkono wa nani uliowashika. Kama si haya yangu, wangekuwa bado wanakimbia, na anayekimbia hafiki. Mwenye pembe kazi yake nini? Ni kuwafundisha wageni namna ya kukaa na Mkwe. Nguzo, mimi nakaa hivyo kila siku ya Mungu. Sihitaji hata kufikiri."

"Ulimwokoa mtu bila kujua!" Mrutu akasema.

"Na wewe ulimhatarisha ukijua," Kajiru akaiambia nguzo.

"Wazee," Nakijwa akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, "Mrutu akipewa, watoto saba wataingia, mimi nitatoka. Kajiru akipewa, mila haimruhusu kulala chini ya paa moja na mimi, nitatoka. Mie nikipewa, namwacha Mrutu na mvua yake. Nayajua hayo. Lakini nawauliza: mlima ukinguruma tena, nani atakuwa wa kwanza kusikia?"

Wazee wakawaita wageni. Mbaruku akasema yeye alikuwa akikimbia, hakupata nafasi ya kuhesabu waokozi. Siwema akafikiri.

"Nilisikia jina, nikasimama," akasema. "Nikashikwa mkono, nikatulia. Nikasikia pembe, nikapumua. Mniambie nyie, mtu huokoka pale anaposimama, anapotulia, au anapopumua?"

Basi kijiji kikagawanyika. Akina mama walikuwa wa Nakijwa. Warina asali walikuwa wa Mrutu. Wanaume wote waliooa walikuwa wa Kajiru, na sababu yao mnaijua. Namkunda aliulizwa kati ya mume na mama anasemaje, akasema maharage yake yanaungua, akaenda zake.

Wakasema gulio lijalo. Likaja, wakasema lijalo. Katikati ya kusema lijalo, mambo yakatengenea yenyewe kidogo kidogo. Njia ya kulia ilifungwa kwa miiba mpaka wale pacha wa pangoni wakakua na kujua kuwinda. Mrutu alipata nafuu, akaja kuziba paa la nyumba ya lango, akisema anaziba lake. Nakijwa akampikia, akisema anamlisha kibarua. Watoto saba wakaanza kulala kibarazani mvua ikinyesha. Kila mgeni aliyepita aliambiwa na watu watatu. Nakijwa alimweleza habari zote, pamoja na zile ambazo hakuuliza. Mrutu alimtajia jina wazi, hapo hapo kijijini kabla ya msitu, tena mara mbili. Kajiru alimsimamisha kando ya njia, akamfundisha kukohoa, kuinamisha macho, na kurudi nyuma. Na tangu hapo hakuna mgeni aliyechubuka hata kidole.

Masika mengine yakapita. Asubuhi moja Siwema akapanda tena na mumewe, na safari hii tumbo lilitangulia mbele yao kama taa. Pacha, wakunga walisema. Alikuja kumsalimu mama wa lango, na wenyeji walipokuwa wakimlaki, wageni wengine kumi wakapita nyuma yake bila kuambiwa neno, wakaelekea kwenye njia panda, wanaimba.

"Mama," akasema Siwema, "hatimaye pembe wamempa nani?"

Kabla hajajibiwa, msituni mtu akaanza kupasua mbao. Krr-haa. Krr-haa. Na msumeno ule ukavuta pumzi.

Nakijwa aliusikia wa kwanza. Mrutu alikuwa juu ya paa, akawaona wageni kumi wanaingia msituni. Kajiru alikuwa kando ya njia, karibu na nguzo kuliko wote. Mikono mitatu ikaifikia pembe kwa pamoja, ikaishika kwa pamoja, na pembe ya tandala ina tundu moja tu la kupulizia.

Haya, nyie mlionyamaza kama hamna wakwe. Semeni upesi, wageni wanaimba: je, kinywa cha nani kilistahili tundu lile?